Pumzi ya Lori la Dismasi

Mwaka ule wa 1997 lori la Dismasi lilikuwa na tabia moja ya kuudhi: ukikanyaga mafuta, linafikiri kwanza. Linafikiri weee, halafu ndiyo linakwenda. Barabara tambarare si neno, dereva unajipigia mluzi. Mlimani je? Ule mlima wa udongo mwekundu, njia ya kwenda kambi ya wakimbizi, madereva walikwisha kuubatiza Kata Pumzi, na hawakukosea.

Aliyelifundisha lori ujinga huo ni fundi mwenyewe, Kubwimana, Mrundi mpole wa gereji moja pale Mwanga, Kigoma. Intakula ya lori, lile sanduku la mapezi linalopoza hewa inayosukumwa na tabo kabla haijaingia kwenye injini, ilikuwa imetoboka. Kubwimana akafungua nyingine kutoka kwenye lori kubwa la masafa lililokufa, pana kama kitanda. Haikuenea mahali pa ile ya zamani, kwa hiyo akaifunga pembeni na kuizungushia mabomba manene, marefu, yenye kona nne. Akajisifu wiki nzima. Kubwa si ndiyo bora? Jamani, fundi naye binadamu.

Safari ya kwanza ya kubeba watu, pale Kata Pumzi, Dismasi alibadilisha gia, akakanyaga mafuta, lori likakaa kimya. Kisha likaanza kurudi nyuma. Akashika breki, akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Shukeni! Shukeni wote, tupande kwa miguu!"

Hakushuka mtu kwa utulivu. Wale watu walikuwa wametoka ziwani asubuhi hiyo hiyo, wamekimbia vita kwao. Wengine walikumbatiana humo ndani wakilia, wengine wakaruka na kukimbilia porini, na mpaka saa kumi jioni bado alikuwa akiwabembeleza warudi. Aliporejea Mwanga alikwenda moja kwa moja gereji.

"Fundi, mimi niliwakosea nini wale?"

Kubwimana alijua. Miaka minne nyuma, huko kwao, baba yake aliamriwa na watu wenye silaha ashuke kwenye lori, mlimani, mchana kweupe. Mama yake, Révérienne, alibaki juu ya lori na akaona yote. Sasa Jumatatu hiyo mvuvi mmoja wa Ujiji alikuwa ameleta salamu: mama yu hai, miguu imemvimba, Ijumaa boti itamshusha Kigoma. Na lori la kuwapeleka kambini Ijumaa hiyo lilikuwa la Dismasi.

"Mama yangu asiambiwe ashuke mlimani," alisema. "Basi. Sitaki kingine."

Siku mbili alitembea kama mtu aliyelala macho wazi. Alijilaza uvunguni mwa lori, spana kifuani, akijiona yeye ndiye hewa: anatoka kwenye tabo na haraka zake, anaingia bomba, anapinda kona, anafika kwenye ukumbi mpana usio na mtu, anahangaika kuujaza kabla hajaruhusiwa kwenda mbele. Mbali huko injini inamwita, naye bado yumo njiani. Mara ukumbi ukawa ziwa, maji yametulia, na ng'ambo kuna mtu amesimama. Wenzake wakamcheka: fundi, unatengeneza au unaswali?

Jumatano Dismasi akamchukua mpaka kwao Simbo, kwa mama yake Veneranda, aliyekuwa na sherehe ya mjukuu. Chungu cha pombe ya mtama kilikuwa katikati, watu wamekizunguka na mirija yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa, utakaa nyuma." Akampa mrija wa waliokaa nyuma, mrefu kupita urefu wa mtu.

Kubwimana akavuta. Kitu hakuna. Akavuta tena, mashavu yamebonyea, macho yamemtoka, huku mzee aliyekaa mbele na mrija mfupi amekwisha kumeza mara tatu. Watu wakacheka. "Vuta, Mrundi, pombe iko safarini!" Na alipoipata, aliitema, akautazama ule mrija mrefu. Akasimama.

"Dismasi, twende gereji!"

"Hata hujanywa!"

"Twende, nakuambia!"

Alhamisi yote alikuwa kazini. Aliitoa ile intakula kubwa iliyompa sifa, akaichomelea ile ndogo ya zamani tundu lake, akairudisha mahali pake. Mabomba membamba, mafupi, kona moja tu. Dismasi akakuna kichwa. "Ndogo hii haitapoza sana. Joto litapanda."

"Lipande. Utapumzisha lori kule juu. Mlimani nataka likuitikie ukiliita."

Ijumaa bandarini alimtambua mama yake kwa kitenge kabla ya uso. Walishikana, wakalia mpaka wakachoka. Wakapanda pamoja nyuma ya lori. Njiani mama alimshika kifundo cha mkono, akamwuliza habari za majani, za mvua, za watu wa huku, mpaka lori likainua pua: Kata Pumzi. Klachi ikakanyagwa. Injini ikanyamaza. Vidole vya mama vikakaza.

"Mwana wanje, mwanangu, wanasimama?"

Kabla hajajibu, tabo ikapiga mluzi, lori likaruka mbele, likapanda moja kwa moja mpaka kileleni. Kubwimana alicheka peke yake kwa furaha.

Kumbe alikuwa amesahau jambo moja. Walipofika kambini, Dismasi alizima injini, akafungua mlango wa nyuma, akaita kwa upole kabisa: "Haya, tumefika. Shukeni."

Révérienne akaganda. Wengine wakashuka, yeye akashika chuma cha bodi kwa mikono miwili.  Kubwimana akaruka chini, akageuka, akamnyooshea mikono.

"Mama, mimi nimeshashuka. Tazama. Niko hapa chini, mzima."

Mama akamtazama. Dismasi alitaka kusema kitu, Kubwimana akamzuia kwa jicho. Hakumvuta wala hakumharakisha. Alisimama tu na mikono yake juu, akamngoja, mpaka mama yake alipoachia chuma, mkono mmoja, kisha wa pili, akateremsha mguu uliovimba.