Mama Pamela na Starlet ya Iddi

Mjini Songea, ukiuliza fundi wa turbo za malori, zile feni zinazosukumia injini hewa, hata muuza vocha atakuelekeza kwa Walburga Komba. Wengi wanamwita mama Pamela, kwa jina la binti yake. Karakana yake iko kando ya barabara ya kwenda Njombe, na malori ya makaa ya mawe yanayotoka upande wa Mbinga huingia uani kwake kila siku, moja likitoa moshi mweusi, jingine likipiga mluzi kama birika.

Kazi hii hakuisomea chuoni. Alianza kufika kwenye yadi ya malori na sufuria la uji na vitumbua, akiwauzia madereva. Fundi mkuu wa pale, mzee Joachim, alikuwa amepata mtoto wa jicho. Vidole vyake vilijua kila kitu, ila ufa mwembamba kwenye shafti, mhimili wa turbo, hakuweza kuuona tena. Siku moja alimwita muuza uji.

"Hebu nitazamie, mwanangu. Kuna mstari hapo?"

Walburga aliuona. Kesho yake akauona mwingine. Baada ya mwaka alikuwa anafungua turbo mwenyewe, na uji akawa ananunua kwa wengine. Hiyo sasa ni miaka ishirini na miwili iliyopita.

Lakini wenye magari madogo ya mbio hawakumhesabu. Kwao yeye alikuwa mama wa malori, basi. Magari yao waliyapeleka kwa Amedeus, mwenye gereji yenye sakafu ya vigae na muziki. Ndiyo maana Walburga alishangaa asubuhi moja ya mwezi wa Juni alipoona Starlet nyekundu ikiingia uani kwake ikivutwa kwa kamba, na nyuma ya usukani yuko Iddi, mnunuzi wa korosho kutoka Nakapanya.

"Shikamoo, mama Pamela."

"Marahaba. Imekufia wapi?"

"Namtumbo. Nilifungiwa turbo kubwa ili nishindane Agosti, yale mashindano ya kupanda mlima. Sasa ukikanyaga mafuta inalala, inalala, halafu ghafla inaruka kama imechomwa sindano. Jana imetoa moshi ikazima."

"Nani alifunga?"

"Amedeus. Anasema nitafute injini nyingine. Nilipomtajia wewe, alicheka."

Walburga alisogea kwenye gari. Alifungua boneti, akatazama lile dude lililobanwa pembeni ya injini, kubwa kama kichwa cha mbuzi.

"Iddi, turbo inazungushwa na moshi wa injini. Hii injini yako ni ya cc elfu moja na mia tatu tu. Itapata wapi moshi wa kuzungusha feni kubwa namna hii? Mpaka ipige kelele kabisa ndipo inaamka. Na ikiamka inasukuma hewa nyingi, mafuta hayatoshi, pistoni zinaungua. Ile turbo ya kiwandani iko wapi?"

"Kwenye buti."

"Ilete."

Alichoamua kufanya kilimgharimu wiki tano. Aliiweka kando ile kubwa, akachukua ile ndogo ya zamani, akaongeza nafasi ndani ya ganda lake kwa mashine ya kukereza, kidogo kidogo, ili iingie feni kubwa zaidi kwa milimita chache. Jaribio la kwanza liliharibika. Feni iligusa ukuta wa ganda na mapanga yake yote yakalika. Walburga alikaa kwenye gogo akaitazama, kisha akaagiza ganda na feni nyingine, akaanza upya. Safari hii alipoizungusha kwa kidole, ilizunguka kimya na kuchelewa kusimama. Ndani ya injini aliweka pistoni mpya, nozeli kubwa za kunyunyizia mafuta na pampu ya mafuta yenye nguvu. Kompyuta ya injini ilirekebishwa na mtaalamu wa Mbeya, kwa sababu kazi hiyo Walburga alikiri wazi haijui.

Siku ya mazoezi, Ijumaa, polisi walifunga kilomita tatu za barabara ya mlimani nje ya mji. Magari kumi na manane yalikuwa yamepangwa. Amedeus alikuwepo, amevaa fulana yenye jina la gereji yake, na magari manne ya wateja wake.

Iddi aliondoka vizuri. Kona ya pili, mbele ya watu wote, usukani ulimponyoka mikononi, Starlet ikavuta kulia na kwenda kusimama na gurudumu moja ndani ya mtaro. Watu waliangua kicheko.

"Nilimwambia!" Amedeus alisema kwa sauti. "Huyu mama amezoea malori."

Walburga alishuka mpaka kwenye gari. Alikagua maunti zinazoshikilia injini, matairi, vyuma vya usukani. Hakuna kilicholegea. Akamgeukia Iddi.

"Gari liko sawa. Mguu wako ndio hauko sawa. Ukifika kwenye kona unaachia mafuta yote, turbo inalala. Ukitoka unakanyaga yote, na usukani bado umeukata. Hili linavutwa na magurudumu ya mbele, Iddi. Hayo hayo yanageuza, hayo hayo yanavuta. Ukiyapa kazi zote mbili kwa pupa, yanakushinda."

"Sasa nifanyeje?"

"Hamia kiti cha pili."

Walburga alikuwa amejaribu kila lori alilotengeneza, kwenye kila mlima wa mkoa huu, maana turbo haijaribiwi gari likiwa limeegeshwa. Gari lilipokwisha kutolewa mtaroni, alipanda kilima bila papara. Kwenye kona hakuachia mafuta yote, aliyapunguza tu, sindano ya geji ya presha ikabaki juu. Usukani ulipoanza kunyooka, ndipo mguu ukashuka. Starlet ikapanda kama imevutwa na winchi. Walipofika juu, Iddi alimgeukia.

"Wallahi, mama Pamela, kesho endesha wewe."

"Mimi? Nina miaka arobaini na tisa."

"Kwenye fomu hawajauliza miaka."

Jumamosi saa nne asubuhi, alivaa kofia ya kuazima iliyombana masikio, akafanya ishara ya msalaba, akasubiri bendera. Iliposhuka, magurudumu yalikwaruza lami kidogo tu, kisha yakashika. Gia ya pili. Gia ya tatu. Mluzi wa turbo ulipanda mwembamba na safi, na kwa mara ya kwanza kwenye mashindano aliusikia ukitoka kwenye kitu alichokichonga kwa mikono yake mwenyewe. Usukani ulimvuta, naye akaushika kwa mikono iliyokaza nati za malori kwa miaka ishirini na miwili. Kona ya pili aliipita pale pale kwenye mtaro. Watu waliokuwa wamecheka jana walikuwa wamesimama juu ya mawe wakipunga mashati.

Dakika moja na sekunde hamsini na tatu. Katika magari yanayovutwa na magurudumu ya mbele hakuna aliyemkaribia. Wa pili alikuwa nyuma kwa sekunde tisa. Katika magari yote kumi na manane, ni moja tu, lenye kuvutwa na magurudumu yote manne, lililomtangulia.

Iddi alikuwa anarukaruka peke yake kando ya barabara. "Alhamdulillah! Alhamdulillah!" Hata viatu vilimtoka.

Amedeus alikuja taratibu. Aliinama kwenye boneti iliyokuwa wazi, akaitafuta ile turbo kubwa aliyoifunga yeye. Hakuiona.

"Hii ni ndogo," alisema.

"Inatosha," Walburga alijibu.

Amedeus aliinama zaidi. "Ganda umelichonga wewe?"

"Mimi."

"Dada, mimi nisingeweza." Alisema hivyo mbele za watu, akampa mkono, na Walburga akaupokea.

Walimpa kikombe cha kundi lake, chenye masikio mawili, na wakampiga picha nyingi. Alipopata nafasi alijitenga kidogo, akampigia simu mama yake, bibi Oliva, anayeishi Peramiho.

"Mama, nimeshinda mashindano ya magari."

"Ulikuwa unaendesha wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulivaa kofia?"

"Nilivaa, mama."

"Na suruali?"

"Na suruali."

Kisha bibi Oliva, mwenye miaka sabini na sita, akapiga vigelegele virefu mpaka Walburga akaiweka simu mbali na sikio, akabaki anacheka huku machozi yanamtoka.