Karibu Ugenini, Mama Wembe

Kinyozi wa duka la mwisho mtaani, yule wanayemwita Mama Wembe, alisafiri nje ya nchi mara arobaini kwa siku na hakuwahi kumiliki pasipoti. Asubuhi alifagia dirishani akiwa nchini. Akienda kuchota maji kwenye pipa la pembeni mwa ukuta, tayari yuko ng'ambo. Akirudi dirishani kunoa wembe, amerejea nyumbani salama salimini, hata kandambili hazijapata vumbi.

Aliyemsafirisha ni simu yake. Duka liko hatua mia mbili tu kutoka kizuizi cha mpaka. Mnara wa kampuni ya kwao umejificha nyuma ya kilima, na mnara wa nchi jirani umesimama ng'ambo ya kizuizi, mrefu, umenyoosha shingo kama mtu anayechungulia sufuria ya jirani. Simu haina uzalendo, hufuata mnara wenye nguvu. Dirishani ilishika mtandao wa nyumbani, ukutani ikashika wa ugenini, na kila ilipohama ililia na kuleta ujumbe uleule: "Karibu ugenini! Furahia huduma zetu ukiwa safarini."

"Safari gani?" Mama Wembe huifokea mbele ya wateja. "Mimi niko kwangu, mpuuzi wewe!"

Hiyo ndiyo romingi. Wenzetu hukutana nayo kwenye viwanja vya ndege, wamevaa suti, wanaburuta mabegi. Mama Wembe alikutana nayo akiwa na ndoo mkononi. Hajainua mguu, lakini data yake inaliwa kwa bei ya mtalii! Waliouchora mpaka ule hawakuwahi kunyolewa pale, na wanaovuna kutokana nao hawajui kwamba kuna mwanamke ambaye dirisha lake ni nchi moja na pipa lake ni nchi nyingine. Wangejua, labda wangeona haya. Labda.

Ukinyozi hakuuchagua. Mumewe alipofariki, alimwachia viti viwili, kioo, mkanda wa kunolea na watoto watatu, wa mwisho akiwa bado anatambaa. Siku aliyofungua duka mwenyewe, wanaume walijipanga nje, si kunyolewa bali kutazama. Nani ampe mwanamke koo lake? Aliyeingia kwanza alikuwa shemeji yake, mshona viatu wa chumba cha jirani. Aliketi, akainua kidevu, akawaambia wale wa nje, "Akinichinja, viatu vyangu mgawane. Ila pea ya kahawia ina tundu, msije mkapigana bure." Akatoka na mashavu laini kama ya mtoto mchanga. Tangu siku hiyo foleni haikukatika.

Mama Wembe alikuwa na sheria moja tu: ukiketi, simu yako inaingia koponi. Kopo la bati lilikaa juu ya rafu, na kila simu ililala humo hadi wembe uwekwe chini. Sheria hiyo ilizaliwa siku mteja mmoja alipopigiwa na mchumba wake, akashtuka, na ncha ya sikio ikachanika. Kitinda mimba wa Mama Wembe, aliyekuwa na miaka minane, akifanya hesabu za shule chini ya kioo, aliinuka na pamba kabla mama hajaweka wembe chini. Alifuta damu, akapuliza, akasema, "Pole baba, haitauma." Yule mteja mzima na masharubu yake akatulia tuli. Siku hiyohiyo mama mtu alijua kwamba mtoto huyu hatarithi kiti. Huyu ni muuguzi.

Na sasa, miaka kumi na minne baadaye, binti alikuwa anakula kiapo cha uuguzi katika mji mkuu, safari ya siku mbili kwa basi. Mama Wembe alishona gauni la bluu, akakata tiketi, akawatangazia wateja wote kwamba wiki hiyo wafuge ndevu. Kisha, siku nane kabla ya safari, alipanda juu ya kigoda kutafuta mtandao ili amuulize binti avae viatu gani. Simu ikalia: "Karibu ugenini!" Aligeuka ili aitukane vizuri. Yeye akaelekea huku, kigoda kikaelekea kule.

Kifundo cha mguu kilivunjika. Wakampiga plasta hadi gotini, na daktari akapiga marufuku safari.

Binti alipopata habari alilia kidogo, kisha akacheka, kwa sababu hakuna anayeweza kusikia kisa cha kigoda kile asicheke. "Mama, chuo kitarusha sherehe moja kwa moja mtandaoni. Jumamosi, saa nne. Nikishakula kiapo nitapita mbele ya kamera, nitakufanyia ishara. Ishara yetu. Usikose, mama."

"Nikose kwa nini?" Mama Wembe alijibu. "Nitatazama hata kwa kupanda paa."

"Usipande kitu chochote!"

Jumamosi ikafika. Mama Wembe alikuwa amenunua bando nono, akavaa gauni la bluu juu ya plasta, na kwa kuwa asingeweza kukaa bure bila kutafuna kucha, alikubali kumnyoa mteja mmoja. Huyo alikuwa fundi saa kutoka ng'ambo, mtu mwembamba, mpole, aliyevuka mpaka kila Jumamosi kwa miaka kumi kuja kunyolewa. Fundi saa alilaza simu yake koponi, akakaa kwenye kiti cha chuma. Mama Wembe alimzunguka akiwa ameketi kwenye kiti cha pili, cha ofisi, chenye magurudumu matano, plasta imetangulia mbele kama mkuki. Simu yake aliiegemeza dirishani, upande wa nyumbani. Shemeji aliacha viatu vya watu akaja kutazama.

Saa nne kasoro dakika tano picha ikatokea: ukumbi, maua, safu za wasichana na wavulana waliovaa sare nyeupe.

"Yule pale!" Mama Wembe alipiga yowe. "Wa pili kutoka kushoto!"

"Huyo ni mvulana, shemeji."

"Basi wa tatu! Hebu toa kichwa chako mbele ya dirisha!"

Fundi saa alikuwa amenyolewa shavu la kulia, la kushoto limejaa povu, na simu ikalia. Karibu ugenini. Picha ikaganda, mgeni rasmi amefumba jicho moja na kuachama kinywa.

Mama Wembe aliitikisa. Aliiinua juu, akaishusha chini, akaitoa nje ya dirisha. Mnara wa jirani ulikuwa umeing'ang'ania.

"Ruhusu romingi," shemeji alishauri. "Hapo kuna kitufe. Bonyeza, utapata picha."

"Inakula salio."

"Kwani itakula kiasi gani kwa dakika kumi? Bonyeza!"

Akabonyeza. Mgeni rasmi alifunga kinywa, akakifungua tena, akasema "Ndugu," na hapo ujumbe ukaingia: "Salio lako halitoshi." Neno moja! Salio lote lilikuwa limenunua neno moja, na hata hilo halikuwa la binti yake.

"Kumbe wewe ndiye mshauri wangu," Mama Wembe alimwambia shemeji, taratibu, kwa sauti aliyoitumia kwa watu waliomkimbia bila kulipa.

"Mashine ya kusaga!" shemeji akaropoka. "Juu, kwa mashine ya kusaga, mtandao wa nyumbani haukosekani. Bando lako bado lipo. Twende!"

"Nitaendaje na mguu huu?"

Shemeji aliangalia magurudumu matano. Mama Wembe naye akayaangalia. Shemeji akashika mgongo wa kiti, akasukuma.

Mtaa ule una mteremko, na mashine ya kusaga iko juu kabisa. Kiti kilipanda kikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Nyuma yao fundi saa alikimbia, kitambaa shingoni, povu shavuni, kwa kuwa asingeweza kubaki nusu mtu dukani. Alipoona shemeji anaishiwa pumzi, akaweka bega naye.

"Saa nne na dakika tatu," alihema. "Hotuba za wageni rasmi huchukua dakika kumi na tano. Nimewahi kuzipima."

"Mungu amzidishie maneno!" Mama Wembe alipaza sauti. "Aongee! Aongee hadi apate koo kavu!" Labda ilikuwa mara ya kwanza katika historia ya hotuba mtu kumwombea mgeni rasmi asimalize.

Wauza duka walitoka milangoni. "Mama Wembe, unahama?"

"Naenda kwenye sherehe!"

"Na huyo mwenye povu?"

"Ni msafara wangu!"

Wakafika juu. Simu ililia, ikaonyesha jina la kampuni ya nyumbani, na wote watatu wakashangilia kama waliofunga bao. Kisha katikati ya kioo kikatokea kiduara, kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Kikazunguka tena. Ilikuwa Jumamosi, siku ya soko, na nusu ya wilaya ilikuwa pale juu, kila mtu na simu yake, wote wanaugombania mnara mmoja kama vifaranga wengi kwenye punje moja. Kiduara hakikuwa na nia ya kuwa picha.

Mama Wembe alikitazama, na midomo ikaanza kumcheza. Miaka ishirini alikuwa amesimama kwa miguu miwili ili binti yake asimame pale mbele, na siku yenyewe imefika, yeye ameketi kwenye kiti cha ofisi anatazama duara.

"Saa nne na dakika tisa," alisema fundi saa, kwa upole. Kisha akakunja uso kama mtu anayesikia saa iliyopoteza mdundo. "Mama Wembe. Pale dukani kwako, mtandao wa kwetu unashika vizuri?"

"Unashika!" alilipuka. "Si ndio mwizi wangu huo? Unashika mpaka ndani ya pipa!"

"Sasa mimi laini yangu ni ya kwetu. Pale dukani, kwangu si ugenini. Hapa ndipo ugenini. Pale simu yangu iko nyumbani."

Mama Wembe alimkazia macho. "Simu yako iko wapi?"

"Koponi. Juu ya rafu. Si ndiyo sheria yako?"

Ilikuwa imelala pale muda wote, hatua mbili kutoka mkononi mwake, imejaa data, iko kwao, ndani ya kopo alilolifunika mwenyewe.

"Geuza!" Mama Wembe alinguruma. "Geuza kiti!"

Kupanda kulikuwa na jasho, lakini kuteremka hakukuhitaji msukumaji. Shemeji alishikilia mgongo wa kiti hatua kumi za kwanza, kisha kiti ndicho kikaanza kumshikilia yeye. Gauni la bluu likapepea. Plasta ikaelekezwa mbele, na watu wakapisha wenyewe. "Njiaaa!" alipiga kelele Mama Wembe, na kwa namna ambayo hakuitegemea, katikati ya hofu yake yote, alianza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, shemeji anaburutwa nyuma akiita majina ya wazee wote wa ukoo, fundi saa anakimbia pembeni akipiga hesabu, "Dakika kumi na mbili! Dakika kumi na mbili na nusu!" Gurudumu moja likachomoka, likawapita, likawatangulia hadi mlangoni. Kiti kilijikita kwenye lundo la viatu vya shemeji, kikasimama.

Fundi saa aliruka kizingiti, akatia mkono koponi. Simu yake ilikuwa na baa zote, imetulia kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Akafungua matangazo ya chuo. Mgeni rasmi alikuwa anasema, "Na kwa kumalizia..."

"Bwana wee, asante kwa mdomo wako mrefu," Mama Wembe alimnong'oneza.

Wahitimu wakasimama, wakainua mikono, wakatamka kiapo kwa pamoja. Kisha wakaanza kupita mbele ya kamera mmojammoja. Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza. Binti alisimama, akaangalia moja kwa moja kwenye kioo, akageuza kiganja, na kwa mgongo wa vidole akajipapasa shavu la kulia kutoka sikioni hadi kidevuni, kisha la kushoto. Ndivyo Mama Wembe alivyomkagua kila mteja kabla ya kumwachia. Ukumbi mzima haukuelewa. Ndani ya duka la mwisho mtaani, mwanamke mmoja alijipapasa mashavu yake vilevile, akayakuta yamelowa.

Shemeji alijifanya anatafuta gurudumu.

Baadaye Mama Wembe alishika wembe amalizie shavu la kushoto, lakini mkono ulikuwa unacheza. "Leo nitakukata," alisema. "Rudi kesho."

"Nivuke mpaka hivi?" fundi saa aliuliza. "Askari akilinganisha na picha ya kitambulisho?"

"Mwambie agonge muhuri upande wa kulia," shemeji akadakia.

Fundi saa alicheka, povu lililokauka likapasuka. "Nitasubiri mkono utulie. Nimezoea kusubiri vitu virudi kwenye mdundo." Akairudisha simu yake koponi bila kuambiwa, akaketi.

Simu ya Mama Wembe, iliyorudishwa dirishani, ikalia. Shemeji aliziba masikio tayari kwa matusi. Mama Wembe aliusoma ujumbe kwa sauti, polepole, kama barua kutoka kwa ndugu: "Karibu ugenini! Furahia huduma zetu."

Akatazama ng'ambo ya kizuizi, kwenye ule mnara mrefu wenye shingo ya kuchungulia.

"Asante," alisema. "Nimeshakaribia."