Baharia wa Tumbako na Maji ya Wagenya

Juzi, karibu na kivuko cha Lubunga, nilimkuta mchoraji mmoja mzee akipaka chokaa tangazo la tumbako alilolichora mwenyewe zamani za Wabelgiji. Siku hizi baharia wa kizungu hatakiwi ukutani.

Mvuvi mmoja wa Wagenya, watu wanaovua kwenye maporomoko ya hapa, akamshika mkono na kuonyesha mawimbi yaliyochorwa chini ya baharia. "Papa, ngoja! Hii maji naijua. Pale iko jiwe, inavunjaka pirogi, mutumbwi nzima."

Mchoraji akashusha brashi. "Baharia nilimutoa kwa picha ya kopo ya tumbako. Wenye kampuni walimuweka pale sababu tumbako ilivukaga bahari na merikebu. Mimi bahari siiyuwi. Alors, basi, mawimbi nilikuja kuchora kwenu, kwenye maporomoko."

Mvuvi alifuata rangi kwa kidole, jiwe kwa jiwe.

Leo nimepita tena. Baharia kafutwa, maji yamebaki, na mbele yake wavuvi wawili wanabishana pirogi ipite wapi.