Pua ya Koko

Wiki iliyopita nilirudi Kisangani, na kabla sijasalimiwa na mtu nilipokewa na harufu. Niliposhuka kwenye toleka, zile baiskeli zetu za abiria, jirani alikuwa anapika lotoko, pombe kali ya mahindi na muhogo. Nilisimama njiani na sanduku langu, mwanamke mwimbaji wa rock ambaye picha yake iliwahi kubandikwa kwenye kuta nyingi za Kinshasa, nikaona haya kama mtoto aliyejikojolea.

Miaka minne sasa sijaonja pombe. Hilo labda unalijua, rafiki yangu, maana nimelitangaza mpaka watu wamechoka. Usichokijua ni kwamba ndani ya habari hiyo nzuri niliweka uongo, na uongo wenyewe ulimhusu bibi yangu.

Tulimwita Koko. Alinilea pamoja na binamu zangu watano, sote tukiishi kwa pipa lake la lotoko. Pipa lilitokota nyuma ya nyumba tangu asubuhi, mvuke ukapita kwenye bomba lililolazwa ndani ya beseni la maji baridi, halafu tone, tone, tone, mpaka chupa ijae. Chupa ya kwanza alikuwa akiimwaga chini, kwa sababu alisema inaua macho. Kazi yangu ilikuwa kubadilisha maji ya beseni yasipate moto. Nilikuwa nikiimba nikiyateka kisimani, nikiimba nikiyamwaga, tena kwa kelele, mpaka wanawake wauza samaki waliopita na mabeseni kichwani wakacheka. Koko aliinua uso akaniuliza, “Weye, uko naimba ao uko nalia?” Miaka mingi baadaye, magitaa ya umeme yakinguruma nyuma yangu, bado sikuwa na jibu.

Jioni ndizi zilizochemshwa ziliingia kwenye kinu. Lituma ya Koko ilikuwa laini, iking'aa kwa mawese, na pembeni kulikuwa na pondu, kisamvu chetu, na samaki wa moshi. Lakini hakuna aliyegusa sahani kabla ya kupita mbele yake.

“Fungula kinywa!”

Tulipanga foleni, tukapuliza mmoja mmoja, naye akasogeza pua karibu, macho ameyafumba. Ukiwa safi alisema, “Bon. Kula.” Binamu yangu mmoja aliwahi kulamba mdomo wa chupa, mara moja tu. Siku hiyo alikula kwanga tupu, mkate wa muhogo bila mboga, na wiki nzima alinuswa mara mbili. Koko mwenyewe hakuwahi kunywa. Sisi tulimwita polisi wa vinywa, akiwa mbali lakini.

Sasa sikiliza. Mimi nilianza kunywa Kinshasa, nikiwa na miaka ishirini, mchana kweupe, nyuma ya jukwaa la kundi letu la kwanza. Ilikuwa bia, na niliinywa kwa sababu niliogopa kupanda. Hakuna aliyenishurutisha. Baadaye zikaja pombe kali, vikaja vidonge, mpaka siku moja nikaanguka mbele ya watu, nimesahau maneno ya wimbo nilioutunga mwenyewe. Nilipotoka kwenye matibabu, mtangazaji mmoja wa redio aliniuliza ni nani aliyenipa glasi ya kwanza. Ukweli niliuona mdogo, hauna utamu. Nikamwambia ni bibi yangu, mpika lotoko, ndiye aliyenionjesha nikiwa mtoto. Mtangazaji akaguna kwa huruma. Nikaona hadithi imependeza. Nikairudia mahali pengi, hata kanisani, na kila mara nilimwongezea Koko kosa jingine.

Koko aliisikia. Juzi hizi ndipo nilipoambiwa na Tantine, mdogo wake mama, anayeishi bado kwenye parcelle yetu, kiwanja cha Koko. Alikuwa anachambua majani ya pondu, hakunitazama.

“Alisikia yote kwa redio. Akaizima, akasema, pengine siku moja nilinusa mubaya. Kisha majirani wakaanza kumucheka. Donc akaondosha pipa, hakupika tena.”

Pengine nilinusa vibaya! Mimi nimemzulia uovu, yeye akaenda kutafuta kosa kwenye pua yake. Alikufa mwaka jana, na hata matanga yake sikuja, nilikuwa na tamasha. Nimefanya mambo mengi ya aibu nikiwa nimelewa, lakini hili nililifanya nikiwa na akili zangu zote.

Siku ya tatu redio ya hapa mjini ilinialika. Mtangazaji alianza kwa heshima, “Mama, utuelezee ile mambo ya koko yako.” Kuirudia ingekuwa rahisi, nilikuwa nimeshaizoea. Nikasema nilidanganya. Nikasema Koko hakunipa hata tone, kwamba alitunusa kila siku, kwamba glasi ya kwanza niliishika mwenyewe kwa mkono wangu. Mtangazaji akaweka muziki.

Niliporudi nyumbani, redio ilikuwa inaimba dirishani, palepale ilipokuwa siku Koko alipoizima. Tantine alikuwa amekwisha kuponda lituma. Alinivutia kiti. Kisima kimefukiwa siku hizi, binamu zangu wametawanyika, na mahali pa pipa pameota mchicha wa lengalenga. Sikukaa kwenye kiti. Nilichuchumaa mbele ya Tantine, mtu mzima na mvi zangu, nikafungua kinywa.

“Tantine, uninuse.”

Alitia kijiko kwenye lituma, akaniwekea sahani.

“Mi sijue kunusa,” akasema. “Ile pua, Koko alienda nayo. Kula, lituma itapoa.”