Pua ya Avis Barraclough

Watu wa mji wetu wa Hebbroyd walikuwa wakisema Avis Barraclough alizaliwa pua kwanza, mwili ukafuata baadaye. Alikuwa mwenye baa ya Bega la Kondoo, pale mteremko wa kiwanda cha sufi unapokutana na mfereji. Aliirithi kwa marehemu mumewe, Harold, pamoja na paka asiye na adabu na ngazi za mawe za kushukia chini kwenye mapipa. Mwanamke mfupi, mikono minene, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde.

Alichouza ni bita, bia chungu ya rangi ya shaba, na bia hiyo si ya kufungua ukanywa yakaisha. Hufika ndani ya pipa ikiwa bado hai, hamira inatokota, na mwenye baa ndiye anayemalizia kazi ya mpika bia. Ukiichota mapema, unakunywa matope. Ukichelewa, siki. Katikati hapo kuna siku chache tu ambapo uchungu na utamu vinakaa pamoja kama mke na mume waliokwisha kupatana, na Avis alizijua siku hizo kwa pua. Alikuwa akiinama juu ya pipa, anafumba macho, anavuta pumzi, anasema, "Bado," au, "Twende." Sisi tuliokuwa tukicheza dhumna pale kila jioni hatukuwahi kumpinga.

Isipokuwa Clement Sugden. Huyu alikuwa dereva wa lori la taka aliyestaafu, mrefu kama nguzo ya simu, ulimi hauna breki. Jumamosi moja baa imejaa pomoni, akaonja, akaiweka glasi chini taratibu.

"Avis, pipa hili ungeliacha mpaka Jumatatu."

"Umekuwa mganga wa mapipa lini wewe?"

"Nasema kweli tu. Halijatulia."

"Na wewe hujatulia. Mlango ule pale."

Clement alidhani ni utani. Avis akaichukua glasi yake, akaimwaga kwenye sinki mbele ya watu wote. Mzee akavaa kofia yake akatoka, na kwa jinsi wote wawili walivyokuwa na vichwa vigumu, miaka ikapita asirudi.

Kiu ya bita nzuri haikumtoka. Kila Alhamisi alipanda basi kwenda kuitafuta, leo bonde hili, wiki ijayo kilima kile. Tukikutana naye dukani tunamuuliza, "Vipi Clem, umeipata?"

"Kule juu kwa wafuga kondoo wana moja, maua yake ya hopsi, yale ya kuipa uchungu, yananukia mpaka unataka kupiga chafya kwa raha. Lakini wanaitoa baridi kama maji ya kisima, wameiua."

"Rudi basi kwa Avis."

"Aniite."

"Mwombe radhi."

"Kwa kusema kweli? Ng'o."

Halafu ukaja msimu ule wa mafua makali. Avis alilala kitandani, baa ikafungwa, na alipoinuka akakuta dunia haina harufu. Alinusa kitunguu, akanusa kahawa, akanusa mafuta ya taa. Kimya. Daktari akamwambia mishipa ya pua imeumia, huenda ikapona, huenda isipone. Avis akamshukuru, akarudi nyumbani, akafungua baa, asimwambie mtu. Akawa anainama juu ya mapipa kama zamani, anafumba macho, anabahatisha.

Bia ikaanza kuharibika. Sasa, watu wa Hebbroyd hawana haya. Watakwambia kofia yako mbaya na mwanao hajui kuimba. Lakini kumwambia mjane aliyetoka kitandani juzi kwamba bia yake imechacha, nani angeanza? Mmoja akahamia laga ya baridi, akasingizia tumbo. Mwingine akasema mke wake amemkataza. Horace Lumb, aliyekaa na dhumna zake pembeni ya chungu cha maua, alikuwa akiagiza painti yake, glasi kubwa iliyojaa, kwa heshima, anaisifu, kisha anaumwagia mmea. Mmea ukanyauka.

Avis aliuona jioni moja alipopita na kitambaa. Akachovya kidole kwenye udongo, kikatoka na povu.

"Horace. Mmea wangu umeanza kunywa lini?"

"Aa, Avis mama, ni mkono tu, siku hizi unatetemeka..."

"Unatetemekea chungu tu, meza hauioni? Nyie wote, semeni. Bia yangu ina nini?"

Watu wakatazama dhumna. Mmoja akasema, "Iko sawa tu." Mwingine, "Ya kawaida."

"Ya kawaida," Avis akarudia. Hakuna neno lingine ambalo lingeweza kumchoma vile. Akavuta mpini wa pampu, akajaza glasi, akaifunika kwa kisahani, akavaa koti na kutoka nayo mvuani, huku sisi tunaachwa na baa isiyo na mwenyewe.

Yaliyofuata tuliyasikia kwa Clement, akiyasimulia mbele ya Avis mwenyewe, na Avis hakukanusha isipokuwa ile sehemu ya yeye kulia machozi.

Alipanda mteremko mpaka kwa Clement akagonga.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi ndiye nani?"

"Clement, acha ujinga, nalowa hapa."

Mlango ukafunguka. Clement alikuwa na taulo ya vyombo begani. Avis akamnyooshea glasi.

"Onja."

"Ulinifukuza."

"Nilikufukuza kwangu, hapa ni kwako. Onja."

Akanusa, akanywa funda, akalizungusha mdomoni, akageuka kulitema kwenye maua.

"Hii siki, Avis. Mwagia chipsi."

Mwanamke ambaye hata kwenye maziko ya Harold hakuna aliyemwona na chozi akaanza kulia pale mlangoni. "Sisikii harufu, Clem. Tangu mafua. Hata sabuni siisikii. Na wale wote, kila siku nawaona, hakuna hata mmoja aliyeniambia."

Clement akampa ile taulo. "Wanakupenda, ndiyo maana."

"Na wewe?"

"Mimi ulishanifukuza," alisema akitazama mvua. "Ningeogopa nini tena?"

Asubuhi yake Clement alishuka ngazi zile za mawe. Walimwaga mapipa mabovu, wakasafisha mabomba, wakaleta mapya na kuyaacha yatulie. Kisha ikaanza shule. Clement alikuwa na ulimi, Avis alikuwa na miaka yote ile ya mapipa kichwani, na ilibidi viunganishwe kwa maneno.

"Unasikia nini?"

"Nzuri."

"Nzuri si jibu. Mbele kuna nini?"

"Ganda la chungwa. Lililokauka."

"Nyuma yake? Kuna mkate?"

"Upo."

"Wa leo au wa jana?"

"Avis, mkate ni mkate!"

"Basi nenda kanywe maji. Wa leo au wa jana?"

Akaonja tena, amekunja uso. "Wa leo. Bado mbichi kidogo ndani."

"Hapo sawa. Bado. Kesho."

Na kesho yake bia ilipopanda juu, watu walionja kwanza, kisha wakaanza kuongea wote kwa pamoja. Horace alikunywa yake mwenyewe mpaka tone la mwisho. Laga zikabaki kwenye friji. Clement akapewa kiti karibu na moto, na pai ya nguruwe na kitunguu cha siki kila mchana, asivyoviomba.

Maneno hayakukosekana. Enid wa duka la sufi alisema kwa sauti, "Mzee anashuka chini asubuhi, anapanda mchana. Mapipa gani hayo yasiyoisha?"

"Njoo uyabebe ujionee," Avis akamjibu, na masikio yake yamekuwa mekundu.

Alhamisi wakawa wanapanda basi pamoja. Niliwahi kwenda nao mara moja, kwenye baa ndogo juu ya vilima. Clement akanywa, akaanza kumweleza taratibu, nyasi zilizokatwa, asali kidogo, halafu uchungu unaokuja kwa kuchelewa kama mgeni mwenye adabu. Avis alikuwa amefumba macho, glasi mkononi. "Huo uchungu nausikia," alisema. "Hapa, nyuma ya ulimi. Hayo mengine nakuamini wewe." Clement akajifanya anatafuta leso.

Majira ya kuchipua yalipofika na mvua zake, asubuhi moja walikuwa chini kwenye mapipa. Clement ameingia amelowa, akapita nyuma ya Avis kuchukua nyundo. Avis akasimama wima ghafla.

"Clem. Unanuka mbwa."

"Samahani?"

"Koti lako. Linanuka mbwa aliyelowa!" Akalishika lile koti kwa mikono miwili, akazika uso wake kifuani kwa mzee wa watu, anavuta pumzi, anacheka. Clement anasema alisimama bila kujongea, kwa kuogopa asije akaacha.

Harufu haikurudi yote. Maua ya waridi mpaka leo hayamwambii kitu. Lakini bita ilirudi, kwanza mkate, baadaye chungwa. Siku ya kwanza alipoinama mwenyewe juu ya pipa, Clement alisimama kando, kofia mkononi, kama mtu anayesubiri kuambiwa kazi imekwisha.

"Bado," akasema Avis.

Clement akaonja. "Tayari."

"Nimesema bado."

"Na mimi nasema tayari, tena tangu jana."

Tulikuwa juu tunapanga dhumna, tunasikia sauti zinapanda ngazi, zinapishana, hakuna inayotaka kushuka. Horace akauliza twende tukawaamue. Tukamwambia akae, acheze, zamu ni yake.