Mguu wa Kushoto Siku ya Alhamisi Kuu

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ya ngozi za mbuzi hunirudisha, popote nilipo, juu ya lori lililonipeleka kijijini Busi. Tulikuwa tumetoka Tabora kwa treni, mimi na baba, tukalala stesheni ya Dodoma tumeegemea sanduku la zana zake. Baba alikuwa fundi wa kupaua nyumba, mtu asiyekaa mahali, na tangu mama afariki alikuwa akinibeba kutoka mji hadi mji kama alivyobeba nyundo na msumeno. Asubuhi aliniombea nafasi kwenye lori lililokuwa limeshusha ngozi mjini na kupakia chumvi na sabuni za maduka ya Kondoa. Yeye mwenyewe hakupanda. Alipiga magoti kwenye vumbi akanifunga kamba za raba, akasema bila kuniangalia usoni, "Shangazi yako hana mtoto. Hajazoea fujo. Usimsumbue, Deo. Ukimsumbua sina pengine pa kukupeleka." Kutwa nzima nilikaa juu ya magunia, midomo ikikauka kwa chumvi na vumbi jekundu, nikiyarudia maneno yale. Nilikuwa nimemaliza darasa la tatu. Niliposhushwa njiani, nilimkuta mwanamke mwembamba amesimama na mwavuli ingawa hakukuwa na wingu. Aliinama akaninusa utosini, akachukua mfuko wangu, akatangulia.

Shangazi Rozalia aliishi peke yake kwenye tembe la vyumba viwili, nyumba ya udongo yenye paa la bapa, mbuzi wake wanne wakilala chumba cha pili. Kanisani alikuwa na kazi aliyoipenda kuliko shamba lake: kufua vitambaa vya altare. Kigango chetu hakikuwa na padre. Padre alikuja mara moja moja kutoka parokiani, na Jumapili nyingine katekista aliongoza ibada, watu wakigawana yaliyobaki: huyu kusoma masomo, yule kuimbisha, mwingine kupiga ngoma, mwingine kufagia. Shangazi alifua. Mwaka ule mvua zilikata mapema, na maji tuliyapata kwa kuchimba mchanga wa korongo na kusubiri yajikusanye kikombe kwa kikombe. Hata hivyo, ndoo ya kwanza haikuwa ya kunywa wala ya kupikia. Ilikuwa ya vitambaa. Alivifua kwa ncha za vidole, akavianika ndani ili visipate vumbi, akavipiga pasi ya mkaa huku akiimba kwa sauti ndogo. Wanawake wa rika lake wote waliitwa kwa majina ya watoto wao, Mama Pasko, Mama Agnes. Yeye peke yake, mwenye mvi tayari, aliitwa Rozalia, hata na vijana.

Chumba nilicholala kilipakana na mbuzi, na vumbi la pale lilikuwa na funza. Mwezi wa pili dole gumba la mguu wa kushoto lilianza kuniwasha, kisha lililofuata, mpaka nikawa natembelea kisigino. Kila mtoto wa pale alijua dawa yake: unakaa juani, mama anakutoa kwa pini, unapakwa mafuta ya taa, unalia kidogo, basi. Lakini hiyo kwangu ilikuwa kusumbua. Nilioga mwenyewe nyuma ya nyumba na kuvaa raba tangu asubuhi mpaka kulala. Shangazi aliona ni adabu ya mjini. Niliwahi kumsikia akimwambia jirani, kwa majivuno ambayo sikuwahi kuyasikia tena kinywani mwake, "Huyu wangu havui viatu hata kwa dawa."

Wiki moja kabla ya Alhamisi Kuu jumuiya yetu ilikutana uani kwa Mama Pasko. Siku hiyo padre huwaosha miguu watu kumi na wawili wanaokaa mahali pa mitume, na kila jumuiya ilitakiwa kutoa mtu. Wazee wetu wawili walikuwa safarini, na wa tatu mgonjwa.

"Rozalia, wewe je, utatoa nani?" Mama Pasko alitania. "Au mbuzi?"

Watu walicheka. Shangazi alisubiri wanyamaze. "Nitamtoa Deo."

"Mtoto huyu?" katekista aliuliza.

"Kwani miguu ya watoto haichafuki?"

Katekista naye alicheka, akapiga makofi. "Basi, Mama Deo ameshasema. Nani atambishia?"

Mama Deo. Tulirudi nyumbani akitembea haraka, mimi nikimfuata kwa kisigino, na njiani mtu wa pili akamwita hivyo, kisha wa tatu. Wiki ile jina lilienea korongoni na kwenye mashine ya kusaga. Alikuwa akiitika kabla mtu hajamaliza kulitamka.

Padre aliyetuhudumia miaka mingi alikuwa mzee mwenye mgongo mbovu, akiosha mguu wa kulia tu. Kwa hiyo Busi yote ilijua kwamba kinachooshwa ni mguu wa kulia, na kwa uhaba wa maji, kinachoandaliwa nyumbani ni huohuo. Mchana wa Alhamisi Kuu, ukipita nyumba kwa nyumba, ungewakuta wanaume wazima wamekaa vigodani wakisugua mguu mmoja kwa jiwe. Shangazi alinikalisha mlangoni. "Toa wa kulia, baba," alisema, akaniosha kwa maji aliyoyabakiza baada ya kufua taulo la padre, akanipaka mafuta mpaka kucha zikang'aa. Wa kushoto ulibaki ndani ya raba. Nilishukuru Mungu kwa mgongo wa yule mzee.

Lakini aliyekuja jioni ile alikuwa padre mwingine, kijana, mara yake ya kwanza kwetu. Injili ilisomwa, ile ya Petro kukataa kuoshwa, kisha akavua vazi la juu, akajifunga taulo kiunoni na kupiga magoti mbele ya mwenyekiti wa kigango. Akauosha mguu wa kulia, akaukausha, akaubusu. Halafu akanyoosha mkono. "Na huu."

Mwenyekiti aliangalia chini, ambako katambuga la tairi lilikuwa limeshikana na tope la zizini. "Padre," alisema, "huu haujajiandaa."

Kanisa lilipasuka kwa kicheko. Padre mwenyewe alicheka, lakini hakuurudisha mkono wake. Akaosha. Akaenda kwa wa pili, wa tatu, na kila mguu wa kushoto uliojitokeza watu walicheka upya, maji ya beseni yakigeuka rangi ya chai. Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilikuwa nimeshika raba kwa mikono miwili, jasho likinitiririka mgongoni.

"Na huu, mwanangu."

"Huu hapana, Padre."

Walidhani naigiza. "Petro huyo!" sauti ya mwanamume ilisema nyuma, na watu wakapiga makofi. Nilimwona shangazi kwenye benchi la mbele anatabasamu kwa fahari, mikono kifuani. Padre akafungua kamba taratibu huku bado anacheka, akavuta raba, na harufu ikatoka. Kicheko chake kikakatika. Vidole vilikuwa vimevimba, vina matundu kama sega la nyuki, usaha umekauka pembeni. Aliuosha polepole kuliko yote, akaukausha, akaubusu kama mingine. Lakini benchi la mbele lilikuwa limeona. "Funza!" Mama Agnes alinong'ona kwa sauti ya kusikika, na neno likatambaa benchi hadi benchi mpaka mlangoni. Padre aliposimama, taulo kiunoni mwake, lile lililofuliwa kwa ndoo yetu ya kwanza, lilikuwa na doa la damu yangu. Shangazi hakuniangalia mimi. Aliliangalia taulo.

Kesho yake asubuhi alinikalisha juani akawatoa mmoja mmoja kwa pini. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma kuliko pini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Baba alisema nisikusumbue."

Pini ilisimama. Akakishika kisigino changu kwenye kiganja. "Umri wangu wote huu," alisema, "nangoja mtu wa kunisumbua."

Jumatatu ya Pasaka wakaja wanawake watatu, na Mama Pasko ndiye aliyesema. Alisema kwa upole, na mpaka leo sauti ya upole wa namna ile hunifanya nitafute mlango. "Usijichoshe tena na vitambaa, Rozalia. Pumzika, ulee mtoto." Shangazi akaingia ndani, akavitoa vikiwa vimekunjwa, akavikabidhi kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwita Mama Deo tena. Jumapili zilizofuata tulikaa benchi la nyuma, na padre alipofuta kikombe kwa kitambaa nilikuwa nikitazama sakafu, kwa sababu nilijua shangazi anatazama mikunjo.

Tangu hapo nimekaa miji mingi, na hakuna niliomaliza miaka mitano. Sasa nimepanga Ipagala, Dodoma, na kanisa ninalosali lina vigae na bomba. Kila Kwaresima kiongozi wa jumuiya hutuma ujumbe kwenye simu kutafuta mitume, na watu hujitokeza na soksi mpya, miguu yote miwili imesuguliwa saluni. Mimi hukataa kiti, naomba kushika jagi. Ni kazi ndogo: unamfuata padre, unamimina, unanyamaza. Akishamaliza mguu wa kulia huwa naangalia kiatu kilichobaki, na uso unanipata moto mbele ya watu wasiojua lolote. Shangazi alifariki nikiwa Mpanda, na habari ilinifikia akiwa ameshazikwa.

Niliondoka Busi baada ya mavuno ya mwaka uleule. Baba alikuwa amepata kazi ndefu Morogoro, akatuma niletwe. Siku hiyo shangazi alichota maji mapema akaniosha miguu yote miwili, akaanza na wa kushoto, akatenganisha kidole na kidole, akanifunga raba. Lori liliposimama, dereva alichungulia kutoka juu. "Mama, huyu ni wa nani?"

"Wangu," alisema. "Mimi Mama Deo."

Dereva akanivuta ndani, akanisogezea nafasi karibu na dirisha. Gari lilikuwa bado halijaondoka, na shangazi alikuwa karibu kiasi cha kusikia, mwavuli wake mkononi. "Huyo ni mama yako?" dereva aliniuliza.

"Hapana," nilisema. "Ni shangazi."