Koti Refu kwenye Godauni la Pamba

Koti nililitambua kabla ya uso. Mjukuu wangu, binti anayesoma sekondari hapa Bariadi, alikuwa ameegemeza simu kwenye chupa ya chai, anaangalia picha ya zamani huku anamenya viazi. Mimi nilikuwa napita zangu kwenda kuanua nguo. Nikasimama. Kwenye kile kioo kidogo kama kiganja, mwanamume mmoja ametupa mgongo anapanda ngazi, koti la rangi ya majivu linampigapiga visigino, kofia imelala upande.

"We mtoto, huyo ni Koti Refu!"

"Bibi, unamjua?"

"Namjua kabla mama yako hajazaliwa."

Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. "Basi kaa tuangalie wote." Nikakaa. Nguo zikanyeshewa kambani, nami nimekaa. Lakini nilichokiona mwishoni hutakielewa, rafiki yangu, kabla sijakupeleka kwanza Zagayu, kijiji nilichokulia.

Siku hizo sisi bado ni Mkoa wa Shinyanga, Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Nilikaa kwa bibi mzaa mama, kwenye mji wa nyumba tatu za udongo na zizi katikati. Ukiniuliza nilisoma mpaka wapi, nitakwambia kweli: darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, maana shule ilikuwa mbali na shamba la pamba lilikuwa karibu. Tukitoka kuchuma tunakaa uani kuchambua, safi huku, fifi, ile chafu, kule, vidole vimechanjwachanjwa. Bibi anapika ugali wa mtama na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kayaunga kwa karanga. Nsansa ya kununua sokoni leo naiona kama natafuna gazeti. Sijui karanga za siku hizi zimeingiwa na nini. Lakini sikuja kusema habari za karanga.

Miaka ile ndiyo biashara ilikuwa imeachiwa kila mtu. Mitumba ilikuja kwa marobota. Wanunuzi wa pamba wakaja na malori yao na mizani zao, na godauni la kijiji, ambalo zamani lilijaa pamba mpaka madirishani, likabaki na popo. Karani wa godauni hilo, kijana aliyefika sekondari, alipokosa cha kuandika akaenda Mwanza, akarudi na televisheni, deki na jenereta. Kila siku ya mnada, mchana, aliziba madirisha kwa magunia na kuiweka televisheni juu ya mizani ya zamani ya pamba. Sisi tunakaa sakafuni. Sakafu ile ilinuka mbegu za pamba mpaka siku ilipobomolewa.

Karani alisimama kando na fimbo ya bua la mtama, akitutafsiria kwa Kisukuma. Nasema kutafsiri, lakini yule bwana alikuwa mchungaji, mganga na mpiga debe kwa pamoja. Mzungu kwenye picha akifungua mdomo mara moja, yeye anasema mpaka mate yanamkauka. "Sasa hapa Koti Refu anawaza. Anasema moyoni, huyu mtu mbona viatu vyake vina tope na mvua haijanyesha?" Nasi tunaitikia, "Eeeh!" Jina halisi la yule mpelelezi hatukulijua wala hatukuona haja. Alikuwa stelingi, alikuwa Koti Refu, yatosha. Hapigi mtu ovyo. Anatazama nyayo, ananusa kikombe, anauliza swali moja, adui anatoka jasho.

Kijiji kizima kiliumwa ugonjwa wake. Vijana walichakura mitumba kutafuta makoti mazito, wakalima nayo kwenye jua la Oktoba. Bibi aliwatazama wakipita nyuma ya ng'ombe, majasho yanawamwagika, akasema, "Koti jua hili? Huyo mpelelezi wenu ana homa, apelekwe zahanati." Yeye godaunini hakuwahi kukanyaga. Alisema amekwishaona watu wa kutosha.

Kiingilio cha sisi watoto kilikuwa yai. Na yai nililitoa wapi? Kwenye kiota cha kuku wa bibi, chini ya ghala, asubuhi anapokwenda kukamua. Bibi akiyahesabu anamlaani nguchiro, nami namsaidia kumlaani. Kwa hiyo elewa vizuri: katika mji ule mwizi alikuwepo, na alikuwa mimi, naiba ili nikaone wezi wakikamatwa. Sikuliona hilo wakati ule hata kidogo.

Sasa nikuonyeshe jirani yetu. Alikuwa mama wa makamo, mjane, mkokoteni ulimvunja mguu wa kushoto zamani, kwa hiyo akitembea mguu unaburuta na kuacha mstari kwenye vumbi. Kila asubuhi alikuja kwetu kuomba moto. Si kwamba alishindwa kuhifadhi kaa lake usiku. Nadhani alipenda kuja. Anasimama mlangoni kwa jiko na kigae chake, "Mwangaluka mayu," yaani umeamkaje mama, bibi anaitika, wanaongea mpaka kaa linazima juu ya kigae, bibi anampa jingine. Alikuwa mtu wa tabasamu. Hata akikugombeza anatabasamu.

Na kwa Koti Refu hakuna aliyemshinda. Siku ya mnada alikuja na kapu la matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, akatugawia watoto gizani bila kuuliza wa nani ni nani. Koti Refu akikaribia mlango wenye hatari, yeye anapaza sauti, "Usiingie humo, ng'wanawane, mwanangu! Rudi!" Watu wanacheka, "Mama, hakusikii huyo!" Naye anajibu, "Atasikia. Mbona mnada uliopita alisikia?" Alimwita mkwe wake, na binti hakuwa naye.

Kulikuwa na mkanda mmoja wa mpishi. Kwenye nyumba ya tajiri umeibiwa mkufu, na mpishi ni mama mnene, mcheshi, anacheka na kila mtu. Karani akagonga mizani kwa fimbo: "Koti Refu anasema, msishughulike na wenye sura mbaya! Anayecheka na kila mtu ndiye wa kuchunguzwa kwanza!" Ghafla kioo kikajaa chenga, sauti ikawa ya mvua juu ya bati. Karani hakutetereka. Akasimama mbele ya zile chenga akamalizia kwa mdomo: mpishi amekamatwa, mkufu umekutwa kwenye unga, ametupwa kwenye gari, kwisha. Tulipiga makofi. Jirani yetu hakupiga. Alisema, "Mimi yule mama simwamini kuwa mwizi." Tukamcheka.

Mvua za kwanza zilipotishia, plau ya bibi ikapotea. Ilikuwa inaegemezwa nyuma ya jiko. Asubuhi tukakuta ukuta. Wewe wa mjini huenda hujui plau kupotea wakati wa mvua ni nini. Ni kwamba ng'ombe unao, shamba unalo, na mwaka huo utalima kwa jembe la mkono kama mtu aliyeanza maisha jana. Bibi alikaa juu ya kinu.

Mimi, nisamehe kwa kusema kweli, nilifurahi. Kesi imekuja nyumbani! Nikainama kutazama nyayo, kama nilivyoona kwenye picha, ingawa kusoma nyayo za ng'ombe nilikuwa nimejua tangu nina miaka sita. Nyuma ya jiko nikaona mstari wa mguu unaoburuta. Bila shaka ungekuwepo! Mwenye mguu huo hupita pale kila siku ya Mungu kuomba moto. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mpishi. Anayecheka na kila mtu. Nikaenda kuwaambia watoto wenzangu, wao wakaambia mama zao, na kufika jioni wazee wa ulinzi wa kijiji walikuwa wamesikia.

Mkutano ulifanyika godaunini kesho yake asubuhi. Nikasimamishwa palepale inapowekwa televisheni, macho ya kijiji kizima juu yangu. Mzee mmoja akaniuliza, "Mstari wa mguu tumeuona. Yeye mwenyewe ulimwona na plau?"

Kwenye picha Koti Refu huwa anahitaji shahidi. Na sijawahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile, na nilisikia utamu, sitakuficha. Nikasema, "Nilimwona."

"Ng'wanawane," jirani akasema, bado ana lile tabasamu, ila limesahaulika usoni, "uliniona mimi?"

Nikatazama fimbo ya karani iliyoegemezwa ukutani. Nikasema tena, "Nilimwona."

Alitengwa. Kwetu kutengwa hakuna kelele. Hakuna wa kuitika salamu yako, hakuna wa kukupa maji wala moto, na atakayekupa naye ataingia humohumo. Asubuhi iliyofuata tulisikia mguu ukiburuta uani. "Mwangaluka mayu." Bibi alikuwa anasonga ugali. Mwiko ukasimama. "Mwangaluka mayu," mara ya pili, polepole. Bibi akaendelea kusonga, anasonga ugali ulioiva zamani, mpaka ule mguu ulipoondoka. Kigae alikiacha mlangoni. Hakuna aliyekiondoa.

Kuna siku saba au nane hivi nilikuwa na nafasi ya kusema nimedanganya. Kila asubuhi nilisema nitasema jioni. Kisha nyumba yake ikawa kimya. Alikuwa amekwenda Kiloleli, kule ziwani, kwa kaka yake, na kapu la matobolwa, na godoro.

Mwaka huo tulilima kwa mikono. Pamba ilipoanza kupasuka, mjomba wangu, mtoto wa kiume wa bibi, akarudi na mkokoteni kutoka Mwandoya kwa wakwe zake. Juu ya mkokoteni, plau.

"Niliazima tu," akasema. "Ya baba yangu hiyo. Ningeomba mngeninyima."

Bibi hakumgombeza. Alinigeukia mimi. "Wewe ulimwona."

Nikaitazama plau.

"Nakuuliza. Ulimwona?"

Nikalia. Yeye akaniacha nilie, akaenda kumfunga kuku mmoja miguu.

Kwenda Kiloleli tulipanda lori la pamba, tumekalia magunia, kuku yuko mapajani mwa bibi. Tulimkuta jirani anaanika dagaa wa kaka yake. Alitupokea kama wageni wowote, akaleta maji, akaleta viti. Bibi alisema yote, mambo ya mjomba, mambo ya ugali, sauti yake ikakatika mara mbili, na sijawahi kuisikia ikikatika kabla wala baada. Kijiji kilikuwa kimeomba arudi. Alisikiliza akasema, "Wabeja, mayu, asanteni. Mmetembea mbali. Lakini hapa nimezoea."

Bibi akanisukuma mbele. "Naye ana la kusema."

Nilikuwa nalo. Nilikuwa nimelirudia njia nzima juu ya magunia. Lakini yeye akaniwahi, labda kwa kunihurumia, akainama na tabasamu lake lile, akaniuliza, "Ehe, niambie. Mkwe wangu Koti Refu hajambo? Yule mpishi wake, mwisho ilikuwaje?"

Nilitazama dagaa. Akanisubiri, akanisubiri, kisha akanipa kiganja cha matobolwa akarudi kwenye kazi yake. Msimu mmoja baadaye tukapata habari kwamba amefariki. Godaunini sikuingia tena. Mayai ya bibi yakaongezeka, akadhani nguchiro amehama.

Sasa turudi kwenye simu ya mjukuu. Picha ilikuwa hiyohiyo, ya mpishi. Pale chenga zilipokuwa zinaanzia, hazikuanza. Kumbe mkanda wa karani ulikuwa umekatika tu, na mwisho ule aliutoa kichwani mwake. Mjukuu Kiingereza anakijua, akawa ananiambia. Koti Refu hakuwahi kusema habari za watu wanaocheka. Mkufu ulikuwa umechukuliwa na mtoto wa tajiri, wa humohumo nyumbani. Koti Refu akashuka jikoni, akasimama mbele ya yule mpishi, akavua kofia. Miaka yote ile sikuwahi kumwona kichwa wazi. Ana upara.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anaomba msamaha, Bibi. Anasema alikosea kumshuku. Mbona unalia? Ni picha tu."

Godauni halipo, vijana wa makoti ni wazee kama mimi, na karani sikusikia alikoishia. Hata kuomba moto kumekwisha. Mimi mwenyewe napikia gesi, nawasha kwa kuminya, jirani yangu wa ukuta mmoja ana yake, tunapitisha mwezi hatujaonana. Sina mlango ambao mtu atasimama na kigae.

Nilimwambia mjukuu airudishe nyuma kidogo, pale kofia inapovuliwa. Akarudisha. Nikaangalia midomo ya yule bwana. Kisha nikasema kwa Kisukuma, taratibu, nikiielekea ile chupa ya chai, "Mayu, mwisho ilikuwa hivi. Hakuwa mwizi. Wewe ulijua."

Mjukuu akauliza nazungumza na nani. Nikamwambia amalizie viazi.